Anayekunja Njo Anaruka Kwanza

Siku ya kwanza ya kazi balinipa sabuni na wembe. Sabuni ilikuwa ya kunawa mikono mpaka ku viwiko, wembe ya kukata kucha. Nilifikiri banataka kunicheka, juu nilitoka Kaniama, mutoto wa mashamba ya mahindi, na viatu yangu ilikuwa ingali na udongo ya kule. Lakini adjudant mukubwa wa atelie, muntu mufupi mwenye sauti ya chini, alishika kidole yangu moya akaikwaruza juu ya kitambaa nyeupe iliyokuwa pa meza. Uzi ikatoka, nyembamba sawa unywele ya mutoto. Akaiinua mbele ya macho yangu.

"Hii uzi njo muntu," alisema. "Kata kucha."

Ni vile niliingia mu kazi ya kukunja parashuti pa Base ya Kamina, kambi ya jeshi, na sikuiacha mpaka siku balinibeba na machela. Hiyo ya machela nitaieleza. Mungoje.

Niseme kwanza mi ni nani. Nilisoma mpaka mwaka ya tatu ya primaire. Kiisha baba akakufa, na masomo ikakufa naye. Kusoma ninayojua nilijifundisha miye mwenyewe, ku maandishi ya ku masanduku ya jeshi. Sione haya. Cheo yangu ya adjudant-chef sikupewa na mujomba. Niliikunja na mikono hii, mukunjo juu ya mukunjo. Sasa bijana ba hapa, bakiona ndege ya bageni inashuka, banasema urafiki ya majeshi ni mambo ya bajenerali: bendera, picha, kupeana mikono. Nabaambia hapana. Urafiki ya majeshi niliibeba ku mugongo, na mukanda yake ilipita hapa katikati ya miguu. Jina ya inchi ya bale bageni sitaitaja. Nilikula kiapo, na tena bengine bangali ku kazi.

Sasa kazi yenyewe. Parashuti ya askari haiko sawa ile bantu banaona mu filme, ya kuvuta na mukono. Askari wetu anafungwa ndani ya ndege na mukanda murefu, tunaiita sangle. Anaruka, mukanda inabaki na ndege, njo inavuta mufuko na kuifungua. Askari mwenyewe hafanye kitu. Anaanguka tu, na anasali kama ni muntu wa kusali. Yote ilikwisha kufanywa mbele, pa meza, na muntu ambaye yeye hajue hata jina yake.

Kitambaa kubwa tunaiita voile. Kamba yake tunaiita suspente. Kwanza unaitundika mu munara ikauke, juu nailoni yenye maji inashikamana. Kiisha unailaza pa meza, meza murefu sawa mutumbwi ya bantu kumi na kupita, unaikunja kipande-kipande sawa kurasa ya kitabu, unaweka juu yake vifuko ya chembe ya risasi isiteleze, na unapanga kamba moya-moya isikumbatiane. Kamba ikikumbatiana, muntu anashuka sawa jiwe.

Atelie, ile nyumba yetu ya kukunja, ilikuwa na sheria mbili, na zote ilitoka kwa yule adjudant mufupi. Ya kwanza: ukiitwa wakati unakunja, ukageuza kichwa, unafungua yote na unaanza upya. Hata kama ni jenerali anakusalimia. Ya pili: anayekunja anaruka. Afisa anakuja pa rundo, anachukua ile anataka, anakuambia, vaa. Kama unaogopa kuvaa ile uliyokunja, kazi ingine iko mingi. Enda uchunge mbuzi. Miye sikuogopa. Yaani niliogopa sawa bantu bote, lakini ile uoga niliiacha chini ya meza pamoja na viatu.

Bageni ba kwanza niliobakuta pale balikuwa bafundishaji. Moniteur wao, muzee wa ndevu ya mvi, alitufundisha kukunja na macho ikiwa imefungwa kitambaa. Ukikosea, anapiga meza na rula ya mbao. Hakupiga muntu hata siku moya; alipiga meza, na meza njo ilikuwa inalia kwa ajili yetu. Bukari, ugali yetu, alikula na uma, tulimusamehe. Aliruka na parashuti yetu, na shiye tuliruka na ya kwao. Kila muntu alichukua iliyokuwa karibu, habakuulizana. Kiisha mambo ya siasa ikaharibika kule juu, na asubuhi moya ndege yao ikakuja kubachukua. Kikombe ya kahawa ya moniteur ilibaki pa meza ingali na moshi. Rula alinipa miye. Alisema tu: "Banza, piga meza."

Kiisha balinituma Kinshasa, ku atelie kubwa ya kule, chini ya koloneli moya aliyependa kuketi. Kule tulikuwa na bageni bengine. Bantu ba heshima, siwezi kusema ubaya yao. Chai yao ilikuwa na sukari na salamu yao ilikuwa ya mikono mbili. Lakini parashuti yao ilikaa nyuma ya mulango yenye kufuli, na yetu ilikaa upande yetu. Siku ya kuruka, beye banavaa yao, shiye tunavaa yetu, ndege ni moya. Ilikuwa sawa ndoa ambayo bibi na bwana kila muntu anapika chungu yake. Nilimuuliza koloneli juu ya nini iko vile.

"Banza," alinijibu, "weye unakunja. Hauulize."

Nikarudi pa meza yangu. Lakini sikusahau.

Mwisho balinirudisha Kamina na cheo ya mukubwa wa atelie. Nilikuta paa inavuja na panya imezaa ndani ya mifuko. Paa tuliziba shiye benyewe. Juu ya panya, nilienda mu muji na baiskeli nikarudi na paka mu kikapu, paka moya wa hasira, ambaye alinikwaruza njia yote na kiisha akafanya kazi kuliko basoldati bengi niliobajua. Bakunjaji balikuwa bachache. Aliyeshinda bote alikuwa Sergent Mado, mwanamuke wa kijiji ya hapa karibu, Mukatoliki wa kuamka na misa. Bwana yake, askari pia, alikufa ku vita ya mashariki. Alikuwa anaishi na batoto yake mu nyumba ya Base, na ile nyumba ilikuwa ya atelie. Kazi ikiisha, nyumba inaisha. Ilikuwa vile, na kila muntu alijua. Mikono yake ilikuwa ya baridi, haitoe jasho, na ulimi yake ilikata kuliko wembe yangu ya siku ya kwanza.

Njo kapiteni akakuja.

Maagano ilikuwa mupya: bageni balete ndege yao, bafundishe kompanyi yetu moya, na mwisho ya mafundisho baruke bote pamoja, bao na betu, mbele ya bakubwa kutoka Kinshasa. Komanda wa Base, muntu muzuri lakini mwenye kuogopa simu, alisema hii kazi ikiharibika hatutaona ndege ingine mpaka kuzeeka. Kapiteni alikuwa mukubwa wa bale bageni. Murefu, hacheke, viatu yake inang'aa hata mu vumbi. Kiswahili alijifunza mu darasa, ile ya pwani, yenye kunyooka sawa piste ya ndege. Vijana betu bakimusikia banatoka inje kucheka. Miye nilimuheshimu, yeye alitembea njia yote kuja ku luga yetu, shiye hatukwenda hata hatua ku luga yake.

Siku ya kumupokea nilileta munkoyo kwangu, ile bibi yangu anapika na mahindi na mizizi. Nikamwaga mu kopo, nikakunywa kidogo, nikamupa. Aliangalia kopo, akaangalia mudomo yangu, akaweka kopo pa meza. Hakugusa. Kwetu Baluba, anayekupa kinywaji anaonja kwanza, ujue hakuna sumu ndani. Yeye aliona muzee mukosefu wa adabu anayekunywa mu kikombe ya mugeni. Komanda alikohoa, akazungumza juu ya mvua.

Kiisha alianza kutembelea atelie. Na ni muntu wa salamu, yule. Kila akiingia anasalimia kila muntu pa meza yake, na jina na cheo. Basi kila muntu anageuza kichwa, anajibu, na kapiteni akigeuza mugongo tu, anafungua yote na anaanza upya. Yeye anarudi jioni anakuta kazi imerudi nyuma. Alimuambia Komanda kwamba bakunjaji ba Kamina banafumua mchana ile banakunja asubuhi. Komanda akaniambia nimuelezee. Nilimuelezea. Aliandika ku kichwa yake, nikaona, lakini hakuamini. Alifikiri sheria ile niliitunga siku ileile. Mado alisema, "Papa Banza, umuambie asalimie paka tu."

Hii yote ingepita. Ile haikupita ni mambo ya Kinkondja.

Siku ya Mungu moya, Jumapili, Komanda alimupeleka kapiteni ku ziwa Kisale, aone ndege ya manyoya ya ku maji na viboko, ale samaki mubichi. Kapiteni akashuka ku kivuko ya Kinkondja, akaona bavubi banatengeneza wavu. Kamba ya juu ya wavu, ile yenye kushika vibao vya kuelea, ilikuwa ya rangi ya kijani, ya nailoni, yenye kusukwa. Akaishika. Anaijua sawa vile muntu anajua kamba ya kiatu yake. Akaangalia pembeni: samaki inakauka chini ya kivuli ya kipande ya kitambaa nyeupe, na kitambaa ile aliijua pia. Komanda aliniambia kwamba samaki aliyomununulia aliiacha mu gari.

Asubuhi yake aliingia atelie pamoja na Komanda. Hakusalimia muntu. Pale nilijua kuna mambo. Aliweka kipande ya kamba mbele yangu.

"Adjudant, kamba hii niliikuta katika nyavu za wavuvi. Je, ni kamba ya parashuti?"

"Njo yenyewe, mon capitaine."

"Ni nani aliyeiuza?"

"Shiye."

Komanda alifunga macho. Lakini mi sijue kuzunguka. Nilimuambia vile iko: parashuti inazeeka sawa muntu, hata ile haijaruka. Miaka yake ikiisha, tunapaka musalaba mwekundu ku voile, tunakata kila kamba vipande, ili muntu asiishone tena. Komanda mwenyewe anaitoa na anaiuza kwa Papa Saidi, muchuuzi wa soko ya Kamina, Mwislamu wa jamaa ya Maniema ambayo babu yake alikuja hapa na njia ya biashara ya zamani. Papa Saidi anaipeleka ku ziwa. Imekuwa vile tangu mi kijana.

Kapiteni aliuliza atajua namna gani kwamba tunauza ya zamani tu. Nikatuma pikipiki kumuita Papa Saidi. Alikuja na kofia yake safi na kanzu imeinuliwa juu ya vumbi, akasalimia bote, akachukua ile kamba akaonyesha fundo yake.

"Kapiteni, uangalie mafundo. Bavubi ba Kinkondja bananitukana kila juma juu ya mafundo hii. Inakwama mu mutumbwi, inakata mikono. Kama Banza angekuwa mwizi, ningekuwa na kamba muzima. Ningekuwa na bateja benye furaha."

Komanda alicheka. Kapiteni hakucheka.

"Fundo," alisema, "linaweza kufungwa na mtu yeyote, mahali popote. Mimi nina askari ambao mama zao wanawangojea."

Siwezi kusema alikosea. Mi pia ningekuwa na askari, ningesema vile. Alitoa uamuzi yake pale pale: bakunjaji bake njo batakunja kwa bote. Atelie yetu ifungwe na kufuli. Bantu yangu baende kulinda ku mipaka ya Base, mpaka baonekane kama banaweza kufundishwa upya. Komanda alisema ndiyo, juu ndege haikuwa yake.

Bakitoka, Mado alibaki anapanga vifuko ya risasi, moya-moya, sawa hakuna kilichotokea.

"Ku mipaka tutalinda nini, Papa? Nyasi?" Kiisha, bila kuniangalia: "Na nyumba?"

Nilivaa kofia nikaenda.

Nilimukuta kapiteni ku biro, ile ofisi ya Komanda. Pale nilimuambia ile nilikuwa naibeba tangu Kinshasa. Nilimuambia kwamba ile siku ya munkoyo sikukosa adabu. Kwetu anayekupa anaonja kwanza, na mi nilionja kwa ajili yake. Sasa nitaonja tena. Achague parashuti yoyote ya rundo yetu, ile macho yake inataka, na nitaruka nayo.

"Nikishuka muzima," nilisema, "weye pia utavaa ya kwetu, uruke. Weye mwenyewe, haiko askari wako."

"Una umri gani, Adjudant?"

"Umri ya kuruka."

Ilikuwa uongo. Munganga alikuwa amekwisha kunikataza kuruka kwa ajili ya goti, na pansheni yangu ilikuwa karibu. Kapiteni alisema vema, atachagua mwenyewe, asubuhi ya kuruka, mbele ya bote. Akiwa ametoka, Komanda alinishika mukono.

"Banza, weye ni muzee. Ukikufa, nitaenda kumuambia nini bibi yako?"

"Utamuambia parashuti ilifunguka."

"Na kama haikufunguka?"

"Basi kapiteni alikuwa na haki, na hakuna kitu ya kumuambia."

Asubuhi ile hewa ilikuwa na moshi kidogo, juu ilikuwa wakati ya kuchoma nyasi. Kapiteni alikuja pa rundo. Hakuchukua ya juu; aliingiza mukono chini kabisa akavuta. Mado njo alinivalisha, juu mukubwa anavalishwa na wa chini yake. Kila mukunjaji wetu anafunga mufuko na uzi ya rangi yake, na nikaona vidole ya Mado imesimama ku uzi ya manjano.

"Papa," alisema polepole, "iko yangu."

"Basi niko salama kuliko na yangu."

"Usiseme vile."

"Kaza mukanda, mutoto. Maneno tutasema chini."

Alikaza. Mikono yake ile ya baridi ilikuwa na jasho.

Ndani ya ndege ya bageni kulikuwa na harufu mupya, sawa duka. Niliketi kati ya vijana ba kwao na ba kwetu, na moya wa kwao alinipa pipi. Mulango ikafunguka. Sitawadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilikuwa muntu mwenye goti mubaya. Taa ikabadilika, nikaenda. Kuna ile wakati ndogo ambayo hakuna kitu, hata weye hauko. Kiisha ikanivuta ku mabega sawa mama anainua mutoto, na juu yangu ilikuwa imefunguka, muviringo, bila kasoro, kamba yote imenyooka. Niliona piste, na mbali reli inaelekea mu muji. Nikasema kwa sauti jina ya Mado, juu hakuna muntu wa kunisikia.

Upepo njo ilikuwa na mambo yake. Ilinitoa katikati ya kiwanja, ikanipeleka ku pembeni, kule vichuguu ya muchwa haijaondolewa. Na muchwa ya Kamina haijenge kichuguu, inajenga kanisa. Niliivuta kamba, nikakosa kichuguu ya kwanza, ya pili ikanipata. Nilisikia mufupa kuvunjika mbele ya kusikia uchungu.

Mado alifika wa kwanza, anakimbia. Aliona muguu yangu vile imegeuka, akafungua mudomo kuita. Nilimukataza. Nilimuambia anisaidie kuketi juu ya kichuguu, sawa muzee anayepumzika, asiguse kiatu, na alete voile yote aifunike ku magoti yangu. Akaelewa mara moya. Kapiteni akiona machela, hatapanda ndege. Hatauliza kama ilivunja ni parashuti ao ni muchwa. Ataona muzee amevunjika, basi, na kufuli itabaki.

Jeep ikakuja na kapiteni na Komanda. Sasa mujue, mu jeshi wa cheo ya chini haketi mbele ya afisa. Mi niliketi. Kapiteni alinipa mukono, nikaipokea nimeketi. Uso yake ikabadilika.

"Mbona husimami, Adjudant?"

"Niko nakunja, mon capitaine," nilisema, na kweli mikono yangu ilikuwa inakunja pembe ya voile. "Nilionja. Iko tamu. Sasa ni zamu yako."

"Banza," Komanda alisema, na hasira ya kweli, "simama mbele ya afisa."

"Nitasimama akishuka, Komanda."

Kapiteni aliniangalia sana. Nafikiri ile siku hakuna muntu alikuwa amemutukana vile tangu kuzaliwa. Na ile hasira njo ilimusukuma, kuliko urafiki. Aligeuka, akaenda pa rundo bila kuchagua, akavaa iliyokuwa juu. Ilikuwa na uzi nyeusi. Nyeusi ni rangi yangu.

Ndege ikapanda. Mado alisimama nyuma yangu, ananishika bega, na bantu balifikiri ananifunika jua. Aliniuliza kama nasikia uchungu. Nilimuambia ndiyo. Aliniuliza kama ile ya uzi nyeusi niliikunja muzuri. Nilimuambia, ukiniuliza tena nakufukuza kazi miye mwenyewe. Alicheka na machozi. Kapiteni alitoka wa kwanza ku mulango, alama ndogo nyeusi, na ile wakati ndogo ambayo hakuna kitu, mi niliisikia kuliko yeye, nikiwa chini. Kiisha ikafunguka.

Alishuka katikati ya kiwanja, muzuri, sawa mu darasa.

"Sasa," nilimuambia Mado, "ita machela."

Kapiteni alifika na voile yake mu mikono wakati banakata kiatu yangu na kisu. Aliangalia muguu, akaangalia kichuguu.

"Ulikuwa umevunjika nilipokupa mkono?"

"Mbele ya pale."

"Kwa nini hukusema?"

"Haungepanda."

Alimupa Mado voile yake, akainama, akashika mukono moya ya machela, na muntu wa kwetu akashika ingine. Njia ilikuwa mubaya, banatembea hatua haipatane, nikatukana bote mbili bila kuangalia cheo.

Ku hospitali alikuja kuniona. Alileta munkoyo mu chupa, sijue nani alimupikia. Bibi yangu alikataa kwamba ni yeye. Alimwaga mu kopo, akakunywa kidogo, akangoja, sawa muntu anayesikiliza tumbo yake. Kiisha akanipa.

"Adjudant," alisema, "kamba zile za Kinkondja bado sizipendi."

"Hata bavubi habaipende," nilimujibu.

Kufuli haikufika ku mulango ya atelie. Siku ya bakubwa ba Kinshasa, vijana ba kwao na ba kwetu baliruka na rundo moya yenye kuchanganywa, na miye niliangalia ku dirisha ya hospitali, muguu imetundikwa juu sawa voile inayokauka. Mufupa ilishikana vibaya. Pansheni ilikuwa karibu, bakanipa kidogo mbele ya wakati yake, na hiyo njo mwisho ya kazi yangu. Rula ya muzee wa mvi nilimuachia Mado, na nilimuambia apige meza.

Leo natembea na fimbo. Mvua ikitaka kunyesha muguu inajua mbele ya radio. Vijana bananiuliza kama haikuniuma, kuvunjika kwa ajili ya kapiteni mugeni. Sikuvunjika kwa ajili yake. Nilivunjika kwa ajili ya nyumba ya muntu na kazi ya mikono yangu. Lakini nabaambia pia hii: urafiki ya majeshi haikae mu karatasi bakubwa banasaini, hata kama karatasi iko ya lazima. Inakaa pa rundo. Kama unaweza kuingiza mukono chini, ukavaa ile ya mwenzako bila kuuliza, muko barafiki. Kama hauwezi, muko mu ndege moya tu.

Kapiteni aliisharudi kwao. Bageni bengine balikuja, na bengine bataenda. Mado njo mukubwa wa atelie sasa, na batoto yake wamekuwa barefu kuliko mulango ya ile nyumba. Sheria alizishika zote mbili, na akaongeza ya tatu, ambayo miye sikumufundisha: kila kikundi mupya ya bageni ikifika, mbele ya mafundisho, mbele ya salamu, yeye anawaambia bachague pa rundo, na anavaa ile banachagua, anaruka wa kwanza.

Nyumba yangu iko ku njia ya Base. Nikisikia ndege inazunguka, natoka inje na fimbo. Macho yangu haioni muzuri tena. Sitofautishe voile ya bageni na ya kwetu. Haidhuru. Ile ya kwanza kufunguka, najua ni ya nani.